Lamda ipi kwa njia ipi: ulinganisho wa kanuni za kugawa urefu wa mawimbi katika mitandao ya faiba

Mhandisi anayepanga mtandao wa faiba kutoka Nairobi hukutana mapema na swali ambalo halionekani gumu mpaka mtandao uanze kujaa: ombi jipya la mawasiliano likifika, lipewe urefu upi wa wimbi? Uzi mmoja wa faiba hubeba ishara nyingi kwa wakati mmoja, kila moja ikisafiri kwa rangi yake ya mwanga, japo jicho haliioni, na rangi hizo, ambazo katika fani huitwa lamda, zina kikomo. Katika bendi inayotumika zaidi, ile ya nanomita 1530 hadi 1565, nafasi ya gigahezi 100 kati ya lamda moja na nyingine hutoa lamda 40 hivi, na nafasi ya gigahezi 50 hutoa 80 au zaidi kidogo. Idadi hiyo hutosha kwa raha siku ya kuwasha mitambo, lakini tangu kebo za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zifike Mombasa mwaka 2009, zikifuatwa na EASSy mwaka 2010, sehemu kubwa ya trafiki ya Kenya ya ng'ambo imepita kati ya Mombasa na Nairobi, na nyingine imeendelea magharibi hadi mpaka wa Uganda. Kwenye mstari huo mmoja, njia fupi na njia ndefu zinagombania lamda zilezile.

Ugumu wenyewe unatokana na sharti moja. Njia ya mwanga isiyogeuzwa kuwa umeme popote katikati hulazimika kutumia lamda ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho, sawa na abiria wa basi la Mombasa ambaye haruhusiwi kubadili kiti: kiti nambari 7 kikiwa na mtu kati ya Mombasa na Voi, hakimfai, hata kama kitakuwa kitupu kuanzia Voi hadi Nairobi. Hivyo basi ombi linaweza kukataliwa ilhali kila kipande cha njia kina lamda tele zilizo wazi, kwa sababu hakuna hata moja iliyo wazi kwenye vipande vyote kwa pamoja. Kanuni zinazolinganishwa hapa zote zinajaribu kupunguza hali hiyo, kila moja kwa mtazamo wake.

Vigezo vya kulinganisha

Kanuni hizi nitazipima kwa vigezo vinne. Cha kwanza ni kukataliwa: kwa mzigo uleule wa maombi, kanuni inaacha mangapi nje? Cha pili ni taarifa: je, inatosha kujua hali ya njia inayoombwa peke yake, au ni lazima kujua hali ya mtandao mzima kwa wakati huohuo? Cha tatu ni tabia ya kanuni pale maombi mawili yanapofika karibu kwa pamoja katika vituo tofauti. Cha nne ni haki kati ya njia fupi na njia ndefu, kwa kuwa njia ya vipande vitano hukataliwa kwa urahisi zaidi kuliko ya kipande kimoja, na kanuni isiyojali hilo huwapendelea wateja wa karibu bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Jambo moja lisemwe kabla ya kuendelea, kwa sababu hupuuzwa mara nyingi: uteuzi wa barabara ambayo njia itapita, yaani vipande vipi vya kebo itavifuata, huwa na uzito mkubwa zaidi katika kukataliwa kwa maombi kuliko uteuzi wa lamda. Mtandao unaopitisha kila kitu kwenye barabara moja fupi hautaokolewa na kanuni ya lamda, hata iwe bora kiasi gani. Anayeweza kuongeza barabara mbadala afanye hivyo kwanza, kisha arudi kwenye swali hili.

Ya Kwanza Inayofaa

Hii ndiyo kanuni inayotumika sana, na katika maandiko ya fani hufupishwa FF, kwa Kiingereza First Fit. Lamda zote hupewa nambari, na ombi likifika hupewa ile yenye nambari ndogo zaidi iliyo wazi kwenye njia yote. Nambari za chini hujaa kwanza na za juu hubaki zikiwa safi mtandao mzima, na hapo ndipo nguvu ya kanuni hii ilipo.

Ili kuona kwa karibu, chukua mfano wa mezani wenye vipande vinne vilivyopangana: Mombasa–Voi, Voi–Nairobi, Nairobi–Nakuru na Nakuru–Kisumu, kila kipande kikiwa na lamda nne tu. Maombi manne yafike, moja kwa kila kipande. Ya Kwanza Inayofaa itayapa yote lamda ya 1, kwa kuwa hayakutani popote. Lamda ya 2, ya 3 na ya 4 zinabaki wazi kutoka Mombasa hadi Kisumu, na njia tatu ndefu bado zinaweza kupokelewa. Sasa maombi hayohayo yagawiwe kwa nia ya kusawazisha matumizi: la kwanza lipewe lamda ya 1, la pili ya 2, la tatu ya 3, la nne ya 4. Kila kipande bado kina lamda tatu wazi kati ya nne, yaani nafasi 12 kati ya 16 hazijaguswa, lakini ombi la Mombasa–Kisumu likija linakataliwa papo hapo. Hakuna lamda hata moja iliyo wazi mwanzo hadi mwisho.

Kwa upande wa taarifa, kanuni hii ni nyepesi mno. Haihitaji kujua lolote nje ya njia inayoombwa, na hata mtandao mdogo unaoendeshwa kwa jedwali la kompyuta unaweza kuifuata bila kukosea. Katika haki ni ya wastani: inazilinda njia ndefu kwa kubakiza nambari za juu, lakini haizilindi kwa makusudi. Udhaifu wake unajitokeza kwenye kigezo cha tatu. Vituo viwili vinavyoamua kila kimoja peke yake, bila msimamizi wa pamoja, vyote vitaichagua lamda ileile yenye nambari ndogo, na kimoja kitagonga mwamba wakati wa kuihifadhi.

Inamfaa mwenye mtandao wa uzi mmoja kwa kila upande, msimamizi mmoja, na maombi yanayoingia kwa utulivu. Kwa maoni yangu, mtandao ambao bado haujui trafiki yake itaelekea wapi uanzie hapa.

Iliyotumika Zaidi

Ndugu wa karibu wa kanuni iliyotangulia. Badala ya kufuata nambari, huchagua lamda ambayo tayari inatumika kwenye vipande vingi zaidi vya mtandao, ilimradi iwe wazi kwenye njia inayoombwa. Inakaza matumizi kuliko Ya Kwanza Inayofaa, na katika majaribio ya kompyuta yaliyochapishwa kwa mitandao ya uzi mmoja huipita kwa kiasi kidogo. Gharama yake ni taarifa: ni lazima kujua kila lamda inatumika wapi katika mtandao mzima, na hesabu hiyo iwe ya sasa. Katika mgongano wa maombi ina udhaifu uleule, kwa sababu vituo vyote hukimbilia lamda ileile maarufu. Njia ndefu inazisaidia kidogo zaidi, kwa kuwa lamda zisizoguswa hubaki zisizoguswa kwa muda mrefu. Inamfaa mwenye mfumo mkuu wa usimamizi ambao tayari unaweka kumbukumbu ya kila kipande. Asiye na mfumo huo hana sababu ya kuujenga kwa ajili ya faida hiyo peke yake.

Bahati Nasibu na Iliyotumika Kidogo

Bahati Nasibu hutafuta lamda zote zilizo wazi kwenye njia kisha huchagua moja bila upendeleo. Iliyotumika Kidogo hufanya kinyume cha Iliyotumika Zaidi: huchagua lamda iliyotumika kwenye vipande vichache, kwa nia ya kueneza mzigo. Wazo la kueneza linavutia, kwani tumezoea kuona usawa kuwa jambo jema, lakini mfano wa vipande vinne hapo juu umeonyesha linakopeleka. Katika mtandao ambao njia hupita vituo kadhaa bila kugeuzwa, Iliyotumika Kidogo huvunjavunja nafasi zilizobaki na kukataa maombi mengi kuliko hata Bahati Nasibu, tena inadai taarifa za mtandao mzima ili kufika huko. Njia ndefu ndizo zinazoumia kwanza.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kuzitupa zote mbili kwa pamoja. Bahati Nasibu ina mahali pake, nao ni mtandao unaojiendesha bila msimamizi wa kati, ambamo kila kituo huanzisha njia zake na maombi huja kwa kasi. Vituo viwili vikichagua kwa bahati kati ya lamda 30 zilizo wazi, ni nadra vichague moja. Vikichagua kwa nambari ndogo, karibu kila mara vitagongana. Katika hali hiyo, hasara ya kuvunjavunja nafasi inaweza kuwa ndogo kuliko hasara ya kuhifadhi na kushindwa. Kuna pia njia ya kati inayofaa kujaribiwa: kuchagua kwa bahati kati ya lamda chache za kwanza zilizo wazi, ili kupata sehemu ya faida ya pande zote mbili.

Kwa Iliyotumika Kidogo utetezi ni mwembamba zaidi. Mtandao ambao karibu kila njia ni ya kipande kimoja hauathiriki na uchaguzi wowote wa lamda, kwa hiyo hata hii haitaudhuru. Wapo pia wanaoitumia wakitaka ishara zikae mbali mbali ndani ya uzi, kwa kuwa lamda zinazokaribiana huathiriana kadiri nguvu ya mwanga inavyoongezwa. Lakini lengo hilo hufikiwa vizuri zaidi kwa kupanga nambari za lamda kwa busara. Kwa mfano, mtandao wenye mitambo ya zamani ya gigabiti 10 pamoja na mipya ya gigabiti 100 unaweza kuanza kuhesabu upande mmoja wa bendi kwa mitambo ya zamani na upande wa pili kwa mipya, ukiacha nafasi tupu katikati, kwa sababu ishara za zamani huzisumbua zile mpya zikiwa jirani. Hiyo bado ni Ya Kwanza Inayofaa, ila ikitembea kutoka pande mbili.

Jumla Kubwa na Hasara kwa Uwiano

Kanuni hizi mbili zinatazama mbele. Kabla ya kutoa lamda, hujiuliza: nikitoa hii, ni njia zipi nyingine ambazo zingeweza kuombwa kesho zitapoteza nafasi? Jumla Kubwa huchagua lamda inayoacha jumla kubwa zaidi ya nafasi kwenye njia zote zinazotarajiwa. Hasara kwa Uwiano, ambayo hufupishwa RCL (kwa Kiingereza Relative Capacity Loss), huenda hatua moja zaidi: njia inayopoteza nafasi yake ya pekee huhesabiwa kuwa imeumia kuliko njia inayopoteza moja kati ya kumi.

Tofauti hiyo inafaa kuonwa kwa takwimu. Turudi kwenye mstari wetu, na kipande cha Nakuru–Kisumu tuseme kimejaa kabisa. Linafika ombi la Voi–Nairobi, ambapo lamda ya 2, ya 3 na ya 4 ziko wazi. Kwenye Mombasa–Voi iko wazi lamda ya 2 peke yake. Kwenye Nairobi–Nakuru ziko wazi ya 3 na ya 4. Maana yake, njia ya Mombasa–Nairobi ina nafasi moja tu, lamda ya 2, na njia ya Voi–Nakuru ina nafasi mbili, lamda ya 3 na ya 4. Ya Kwanza Inayofaa itachukua lamda ya 2 bila kusita, na kwa hatua hiyo itaifunga Mombasa–Nairobi. Jumla Kubwa itaona kwamba lamda yoyote kati ya hizo tatu inapoteza nafasi moja kwa njia nyingine, itazihesabu kuwa sare, na ikiamua sare kwa nambari ndogo itaangukia palepale. Hasara kwa Uwiano itaipa lamda ya 2 hasara ya 1, kwa kuwa ni yote iliyobaki kwa Mombasa–Nairobi, na lamda ya 3 au ya 4 hasara ya nusu. Itachukua lamda ya 3, na lango la Mombasa litabaki wazi.

Ndiyo sababu katika mitandao ya uzi mmoja yenye mzigo mkubwa Hasara kwa Uwiano huwa miongoni mwa kanuni zinazokataa maombi machache zaidi. Lakini bei yake ni ya kuzingatiwa. Kwanza, inahitaji orodha ya njia zinazotarajiwa, jambo linalomaanisha kwamba barabara ya kila jozi ya vituo imepangwa mapema. Mtandao unaobadili barabara kila mara unaiondolea msingi. Pili, inahitaji picha ya sasa ya mtandao mzima. Kazi ya hesabu yenyewe haitishi tena: mtandao wa vituo 20 una jozi 190, na kukagua jozi hizo kwa lamda 80 ni kazi ndogo kwa kompyuta ya leo. Kinachotisha ni picha iliyopitwa na wakati, kwa sababu kanuni inayotegemea taarifa nyingi hukosea sana taarifa zikiwa za jana. Katika mgongano wa maombi haina kinga ya pekee, hivyo inafaa iwe mikononi mwa msimamizi mmoja. Kwa haki, ndiyo inayozitazama njia ndefu na zile zilizobanwa kwa makini zaidi kati ya zote zilizotajwa.

Inamfaa mwenye uti wa mgongo wa kitaifa, kituo kimoja cha usimamizi, barabara zilizopangwa, na mzigo unaokaribia kujaa. Mtandao wenye lamda nyingi tupu hautaona tofauti yoyote kati yake na Ya Kwanza Inayofaa.

Nyuzi zikiwa zaidi ya moja

Kebo nyingi zina nyuzi kadhaa, na mwenye kuwasha jozi mbili au tatu kwenye barabara moja ana lamda ya 1 mara mbili au mara tatu. Hapo huingia kanuni ya Mzigo Mdogo, inayotazama kipande kilichobanwa zaidi kwenye njia na kuchagua lamda yenye nakala nyingi zilizobaki kwenye kipande hicho. Kukiwa na uzi mmoja tu inageuka kuwa Ya Kwanza Inayofaa, na kukiwa na nyuzi nyingi hukataa maombi machache kuliko kanuni nyingine nyepesi. Inatosheka na taarifa za vipande vya njia husika pekee, na kwa vile kila lamda ina nakala kadhaa, maombi mawili yakichagua moja yanaweza yote kupata nafasi. Njia ndefu hazilindi kwa makusudi, ila nakala hizo huzipa unafuu.

Maombi yote yakijulikana mapema

Mpangaji mwenye orodha nzima ya njia mkononi, kabla mtambo haujawashwa, yuko katika hali tofauti. Tatizo lake ni la kupaka rangi: njia mbili zinazokutana kwenye kipande chochote zisipewe rangi moja, na rangi ziwe chache iwezekanavyo. Kwa mtandao wa umbo lolote, tatizo hili ni miongoni mwa yale ambayo hayajapatiwa mbinu ya haraka na kamilifu, ndiyo maana watu hutumia makadirio, kama vile kuanza na njia inayogongana na nyingine nyingi zaidi.

Umbo la mtandao, hata hivyo, hubadili mambo kabisa. Kwenye mstari mnyoofu, panga njia kwa kituo zinapoanzia, kisha toa lamda ya nambari ndogo iliyo wazi, na utatumia idadi ileile ya lamda kama njia zilizo kwenye kipande chenye msongamano mkubwa zaidi. Haiwezekani kutumia chache kuliko hizo. Kwenye pete, kama zile zinazozunguka maeneo ya mji ili kukatika kwa kebo upande mmoja kusizime wateja, mambo ni magumu kidogo: kipande chenye njia 10 kinaweza, katika hali mbaya kabisa, kudai lamda hadi 19. Anayefunga pete kuzunguka Westlands, Upper Hill na Eneo la Viwanda atenge akiba ya lamda ambayo mpangaji wa mstari wa Mombasa haihitaji.

Uchaguzi kwa kutazama hali

Hatua ya mwanzo kwa yeyote aliye Nairobi ni kuhesabu njia zinazopita jijini bila kushuka. Mahali ambapo mwanga kutoka Mombasa huishia kwenye ruta za Nairobi na safari ya kwenda Kisumu huanza upya kwa leza nyingine, sharti la lamda moja limekatwa katikati, na Nairobi inafanya kazi ya kigeuza-lamda. Mtandao ambao karibu kila njia hushuka hapa umegawanyika kuwa mistari mifupi inayojitegemea, na Ya Kwanza Inayofaa inautosha. Kanuni zinazotazama mbele zina kazi pale tu njia zinazopita moja kwa moja zinapokuwa nyingi, kama lamda zinazokodishwa kutoka pwani hadi Malaba au Busia.

Mwenye njia hizo za kupita, na anayeona zinakataliwa kuliko za karibu, ana dawa rahisi kuliko kubadili kanuni: atenge lamda chache za juu kwa ajili ya njia za vipande vingi peke yake, au azizuie njia za kipande kimoja zisichukue lamda mpya zikibaki chache. Zote mbili huongezwa juu ya kanuni yoyote. Maombi ya karibu yataanza kukataliwa mapema kidogo, na mwenye mtandao ndiye wa kuamua kama biashara yake inakubali hilo.

Aliye na msimamizi mmoja, barabara zilizopangwa na mzigo mkubwa achukue Hasara kwa Uwiano. Aliye na nyuzi kadhaa kwa kila barabara achukue Mzigo Mdogo. Ambaye vituo vyake huamua vyenyewe na maombi huja kwa kishindo aijaribu Bahati Nasibu, au ile ya kuchagua kati ya chache za kwanza. Anayejenga upya na orodha ya njia iko mezani apake rangi kwanza, kisha aitumie Ya Kwanza Inayofaa kwa maombi yatakayokuja baadaye. Na anayehamia mitambo ya gridi nyumbufu, ambamo njia moja huchukua vipande kadhaa vya gigahezi 12.5 vinavyopaswa kukaa pamoja bila pengo, ajue kwamba kuvunjavunja nafasi humuumiza mara mbili, kwa hiyo kanuni za kueneza mzigo azikwepe kabisa.

Mwenye kumbukumbu za maombi ya miaka iliyopita, hata kama ziko kwenye jedwali la kawaida, ana kipimo bora kuliko makala yoyote. Ayapitishe maombi hayo upya kwenye ramani ya mtandao wake, kwa tarehe zake na kwa kila kanuni anayoifikiria, kisha aongeze mzigo hatua kwa hatua mpaka maombi yaanze kukataliwa. Matokeo ayaandike kwa makundi mawili, njia za kipande kimoja na njia za vipande vitatu au zaidi, kwa kuwa wastani wa jumla huficha kabisa kinachozipata njia ndefu.